Maji Kwanza, Saruji Baadaye

Ukitoka Dumila ukashika njia ya Rudewa na Kilosa mjini, milima ya Ukaguru inakuandama mkono wa kulia. Mvumi, wilayani Kilosa mkoani Morogoro, iko njiani humo. Ni kata ya mpunga na mahindi, ya udongo unaonata miguuni masika yakianza, na ya maseremala wanaofanya kazi chini ya mabanda ya bati. Kila karakana ina rundo lake la maranda. Mengine hutandikwa kwenye mabanda ya kuku, mengine hupelekwa kwenye tanuri za tofali, na yanayobaki hutiwa kiberiti ili kesho kuwe na nafasi ya rundo jingine.

Naandika kuisifu kazi inayoyapa maranda hayo maisha ya pili: kuyafunga kwa saruji yakawa tofali jepesi, bamba la dari, au ukuta wa kugawa vyumba. Vifaa vyake karibu kila fundi wa kijijini anavyo: pipa, chekecheke, karai, beleshi, kalibu, na mawe ya kukandamizia. Ugumu wake umejificha mahali ambapo mpita njia hapaoni, na kwa sababu hiyo inafaa itazamwe polepole.

Anayeiona kazi hii mara moja huondoka na maelezo mafupi: chukua maranda, tia saruji, koroga, jaza kalibu. Akiyafuata maelezo hayo, siku ya tatu hukuta tofali lake bado linamomonyoka kwa kidole. Saruji ilitoka kwenye mfuko uleule uliosimamisha msingi wa jirani, na mchanganyiko ulipendeza machoni. Kilichoharibu kazi kilikuwa ndani ya mti wenyewe, nacho ni sukari.

Mkoa wa Morogoro unaijua sukari, kwa kuwa una viwanda vya Mtibwa upande mmoja na Kilombero upande mwingine, chini ya Mikumi. Lakini sukari haimo kwenye muwa peke yake. Kila mti una sukari zake: nyingine zinaelea kwenye utomvu, nyingine zimefungamana ndani ya mbao na hutolewa na ukali wa saruji. Saruji inapokutana na maji, chembe zake huanza kuota vijisindano vigumu visivyoonekana kwa macho, vinavyosukana mpaka donge zima linakuwa jiwe. Sukari hujishikiza kwenye chembe hizo na kuzizuia zisiote. Kiasi cha moja ya elfu ya uzito wa saruji kinatosha kuchelewesha kuganda, na kikikaribia moja ya mia, zege linaweza kukaa siku nyingi bila kushika. Wanaosafirisha zege kwa malori wanaijua siri hii: gari likiharibika njiani, sukari hutiwa ili zege lisigande tumboni mwake.

Juu ya sukari kuna tanini, mafuta na rangi. Mninga ukikatwa hutoa utomvu mwekundu mzito. Mtiki una mafuta yanayouwezesha kuhimili maji na wadudu, na mafuta hayohayo yanaweza kuinyima saruji nafasi ya kuushika uso wake. Paini kwa kawaida haina ukaidi mwingi, ndiyo maana viwanda vingi duniani huichagua. Mkoa huu unavyo vyote hivyo: paini za shamba la miti la Ukaguru upande wa Gairo, mitiki ya Mtibwa na ya bonde la Kilombero, na miti ya asili ya miombo. Karakana moja inaweza kuwa na mabaki ya aina zote katika rundo moja. Fundi anayeiheshimu kazi yake huyatenga tangu mwanzo, gunia la paini mbali na gunia la mtiki, na la mninga peke yake. Anayemtazama anaweza kudhani anapoteza muda. Ukweli ni kwamba tofali limekwisha kuanza kutengenezwa, ingawa mfuko wa saruji bado haujafunguliwa.

Kisha inakuja siku ya maji. Maranda hutiwa kwenye pipa, maji yanajazwa mpaka yayafunike, na mawe yanawekwa juu ili yasielee. Baada ya saa kadhaa maji yamebadilika: ya paini yana manjano hafifu, ya mninga yamekuwa mekundu yenye weusi. Yanamwagwa, yanatiwa mengine, na maranda yanaachwa yalale humo. Mwenye kuni za kutosha anaweza kuyachemsha, kwa sababu maji ya moto hutoa uchafu haraka na kwa wingi zaidi. Lakini kuni ni mali, na kazi hii ilianza kwa nia ya kuokoa miti, kwa hiyo fundi mwenye subira huchagua maji baridi na muda mrefu.

Nimewahi kukaa kwenye benchi la karakana nikimsikiliza kijana anayejifunza akimuuliza mzee wake, "Fundi, saruji ipo, kalibu ipo, tunasubiri nini?" Mzee alichota maji ya pipa kwa kikombe cheupe cha bati, akakiinamisha kidogo kuelekea jua ili kijana aone vizuri.

"Tazama rangi, mwanangu. Mti bado una maneno. Ukimaliza, tutaanza."

Kijana akamwaga maji, akaenda bombani na ndoo.

Kikombe hicho ni chombo cha kupimia, na kipimo chake kina mantiki ileile inayotumika maabara. Mwaka 1964 watafiti wawili wa Ujerumani, Sandermann na Kohler, walichapisha njia ya kupima kama mti unapatana na saruji kwa kufuatilia joto. Saruji inapoganda hutoa joto, na ikizuiwa kuganda haipati joto. Unga wa mbao, saruji na maji vikichanganywa na kufungwa ndani ya chombo kisichopitisha joto, mti unaofaa huacha mchanganyiko upande kupita nyuzi 60 za Selsiasi. Ukiishia kati ya 50 na 60, mti uko katikati. Ukibaki chini ya 50, haufai mpaka utibiwe. Vipimo vya namna hii kwa kawaida hutumia gramu 15 za unga wa mbao kwa gramu 200 za saruji.

Ninachokipenda katika kipimo hiki ni kwamba chombo chake kipo katika kila nyumba ya Mvumi. Chupa ya chai iliyochakaa, ambayo haitarudi tena mezani, na kipimajoto kinachofika nyuzi 100, vinatosha kulinganisha mti na mti. Chupa moja inatiwa saruji na maji matupu, ya pili saruji na maranda yasiyooshwa, ya tatu saruji na maranda yaliyolowekwa. Mtu akae kivulini, asome joto kila saa na kuandika. Namba zake hazitalingana sawasawa na za maabara, lakini tofauti kati ya chupa na chupa itamwonyesha waziwazi kazi iliyofanywa na maji. Mzee wa kikombe cheupe alilijua jibu kwa macho. Kijana anayeanza anaweza kulithibitisha kwa chupa.

Baada ya kuosha, mafundi wengine huyapitisha maranda kwenye maji ya chokaa ili kutuliza sukari iliyobaki. Viwandani hutumia chumvi ya kalsiamu kloridi, asilimia chache za uzito wa saruji, ili kuharakisha kuganda kabla sukari haijapata nafasi ya kuzuia. Chumvi hiyo hutafuna chuma, kwa hiyo haifai penye nondo. Chokaa ni rafiki wa fundi mdogo, inapatikana madukani, na mkono wa kijijini umeizoea.

Kisha maranda hutandazwa kivulini kwenye turubai. Nyuso zake zinakauka, ndani yanabaki na unyevu. Unyevu huo ni wa makusudi: mbao kavu ikikutana na saruji hunywa maji ambayo saruji iliyategemea ili iwe jiwe, na inapoyanywa hutanuka, kisha husinyaa baadaye na kuacha nyufa. Fundi hukamata konzi moja, anaisugua kwa kiganja, anasikiliza. Yakitoa mlio wa ukavu, anayanyunyizia. Yakiacha maji mkononi, anayageuza na kungoja.

Chekecheke nayo ina neno lake. Unga mwembamba wa msumeno una nyuso nyingi mno, na kila uso unadai kuvikwa saruji, hivyo mfuko wa kilo 50 unakwisha kabla kazi haijaonekana. Maranda marefu yaliyojikunja huacha mapengo. Yanayofaa zaidi ni mapande membamba, bapa, ya urefu wa kati ya kucha na kidole, ambayo yakilala huegemeana na kusaidiana. Kwa hiyo unga unachekechwa na kuwekwa kando, marefu yanavunjwavunjwa, na kilichobaki ndicho kinachoingia kazini.

Kuchanganya kunafanywa na watu wawili. Mmoja anageuza maranda kwa beleshi, mwingine ananyunyiza saruji kidogo kidogo, maji yakifuata kwa kiasi. Lengo ni kila randa livae koti jembamba la kijivu pande zote, lisibaki jeupe wala lisizame kwenye uji. Kwa mabamba ya kubana, saruji huwa mara mbili hadi tatu ya uzito wa mbao kavu, na hapa neno uzito lina maana yake kamili. Debe la maranda na debe la saruji havikaribiani hata kidogo kwa kilo, na wengi wanaopima kwa debe hupata mchanganyiko tofauti kila siku. Mizani ya dukani, iliyoazimwa kwa saa moja, huokoa kazi ya wiki.

Ukitaka kujua kama mchanganyiko umekubali, chota konzi na uikamue. Maji yakichuruzika kati ya vidole, yamezidi. Donge likisambaratika ukifungua mkono, yamepungua. Likibaki na alama za vidole huku kila randa likionekana peke yake, kama wali uliokaushwa vizuri, ni wakati wa kalibu.

Kalibu hupakwa mafuta machafu ya injini, mchanganyiko hutiwa kwa tabaka, na kila tabaka hushindiliwa, kwanza pembeni, kisha katikati. Hapa fundi wa tofali za udongo anakutana na jambo geni. Udongo ukishindiliwa hutulia. Mbao ikishindiliwa hurudi juu, kwa sababu ina nguvu ya kujikunjua. Ukitoa kalibu mapema, tofali linavimba polepole mbele ya macho yako na vifungo vichanga vya saruji vinakatika kimoja kimoja. Kwa hiyo bamba hufunikwa ubao mnene, likabanwa kwa mawe au kwa jeki ya gari iliyoegemezwa kwenye fremu, na kuachwa limebanwa mpaka kesho. Viwandani hufanya hivyohivyo kwa mashine, mabamba yakiwa yamefungwa pamoja chini ya shinikizo kwa saa nyingi mpaka saruji ipate nguvu ya kuishikilia mbao.

Likitoka kwenye kalibu halianikwi juani. Linafunikwa magunia yaliyoloweshwa, linanyunyiziwa asubuhi na jioni kwa wiki nzima, kisha linasimamishwa kwa ubavu kivulini, hewa ikipita pande zote, likauke taratibu. Siku ya 28, ambayo wajenzi wote wa zege huihesabu, ndipo linapoitwa tofali kamili.

Angalia sasa kilichopatikana. Mita moja ya ujazo ya zege la kawaida ina uzito wa kilo 2,400 hivi. Bamba la nyuzi za mbao na saruji linalotumika kwenye dari lina kati ya kilo 300 na 500 kwa ujazo huohuo, na bamba lililobanwa sana la chembe ndogo hufika kilo 1,250 hivi. Linakatwa kwa msumeno wa kawaida. Linashika msumari. Likipigiliwa chini ya bati, linakata makali ya jua la saa saba na kupunguza kelele za mvua, kwa sababu ya hewa iliyofungwa kati ya maranda. Moto wa mshumaa haulishiki, kwa kuwa kila randa limevaa saruji. Na mchwa, ambao Kilosa nzima inawafahamu kwa hasara, hawaufurahii mti uliofungwa ndani ya ukali wa saruji.

Mipaka yake nayo lazima isemwe, kwa kuwa fundi mkweli huitaja kabla ya kupokea malipo. Tofali jepesi la maranda si la kubeba ghorofa. Kazi yake ni kujaza kati ya nguzo, kugawa vyumba na kufunika dari. Likinyonya maji hutanuka na likikauka husinyaa, kwa hiyo linataka msingi ulioinuka, paa lenye upenu mpana, na plasta nje. Januari 2014 mafuriko yalikata barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma katika eneo la Dumila na Magole, na mwanzoni mwa 2010 maji yalikuwa yamewatoa watu makwao Kilosa mjini. Anayejenga bonde hili huanza na swali la maji yatapita wapi, na jibu lake linapatikana kwenye msingi wa mawe au zege kabla ya kupatikana kwenye ukuta.

Ufundi huu una historia ndefu kwingineko. Austria walianza kufunga nyuzi za mbao kwa magnesiti mwanzoni mwa karne ya ishirini, kwa bidhaa iliyokuja kuitwa Heraklith. Uswisi walifuata miaka ya 1930 na bidhaa za mbao na saruji za Durisol. Nchini Denmark, kampuni ya Troldtekt imekuwa ikitengeneza mabamba ya dari ya mbao na saruji tangu 1935, na leo yamo kwenye madarasa na kumbi nyingi za Ulaya. Umoja wa Kisovieti uliuita ufundi huu arboliti na kuuwekea viwango vya taifa. Wote hao walikuwa na misumeno inayozalisha mabaki mengi, na baridi kali ya kuzuia nje. Sisi tuna misumeno, na badala ya baridi tuna joto. Bamba halichagui, linazuia vyote viwili.

Tanzania nayo ilipita karibu sana na njia hii. Kitengo cha Utafiti wa Majengo, kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1971 na ambacho baadaye kiligeuzwa kuwa Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, kilishirikiana na watafiti wa Sweden kutengeneza mabati ya saruji yenye nyuzi za mkonge. Wazo lilikuwa la nyumbani kabisa: mkonge ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 ulikuwa umeenea mashambani, pamoja na Kimamba, wilaya moja na Mvumi. Lakini mabati yale yalikuwa membamba, na nyuzi zilitegemewa kuyazuia yasivunjike. Mwaka 1983 Mswidi Hans-Erik Gram alichapisha maelezo ya kilichotokea: ukali wa maji yaliyomo ndani ya saruji uliyeyusha gundi inayozishikilia chembe za mkonge, na katika joto na unyevu wa nchi zetu bati likapoteza unyumbufu wake. Tiba mojawapo ni kupunguza ukali huo kwa kubadilisha sehemu ya saruji na majivu yenye silika.

Hapo mpunga wa Mvumi unaingia kwenye hadithi. Pumba za mpunga zikichomwa kwa moto usiozidi, majivu yake hubaki na silika nyingi ambayo, ikisagwa laini, huungana na chokaa ya saruji na kuigeuza kuwa gundi zaidi. Pumba zinalundikana kwenye mashine za kukoboa barabara nzima kutoka Msowero hadi Rudewa. Bamba nene la maranda halitegemei nyuzi kuzuia lisivunjike kwa kiwango kile cha bati jembamba, kwa hiyo hatari yake ni ndogo zaidi. Hata hivyo fundi anayejifunza kutoka kwa mkonge atajenga kwa miaka mingi mbele, na hatashangazwa na kilichowashangaza waliomtangulia.

Msaada uko karibu kuliko watu wanavyodhani. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, chenye wataalamu wa misitu na mazao yake, kiko Morogoro mjini, na Taasisi ya Utafiti wa Misitu Tanzania ina makao yake makuu huko huko. Fundi wa Mvumi akipeleka mabamba yake yakavunjwe kwenye mashine ya kupimia, atarudi na namba ambazo mhandisi wa halmashauri hawezi kuzipuuza.

Anayetaka kuanza, aanze na dari ya chumba kimoja, mahali ambapo kosa halimwangukii mtu ukuta. Achague mti mmoja, ikiwezekana paini, na asiuchanganye na mwingine mpaka aujue. Kila siku ya kazi aandike daftarini: mti gani, umetoka wapi, maji yalimwagwa mara ngapi na yalikuwa na rangi gani, kilo za maranda, kilo za saruji, tarehe ya kubana na tarehe ya kufungua. Aache bamba moja nje lipigwe na masika na kiangazi, alitazame kila mwezi, na hayo pia ayaandike. Mwaka ukiisha atakuwa na kitu cha kuuza na ushahidi wa kusimama nyuma yake. Hapo asikubali kulipwa kama mtu anayeuza takataka za mbao. Adai bei ya fundi, na mteja amlipe kwa moyo mweupe, kwa sababu sehemu kubwa ya anachokinunua ni zile siku za pipa na maji ambazo hazionekani kwenye dari iliyokamilika, na bila hizo dari isingekuwepo.